Shahada, stashahada au ufundi stadi: aliyemaliza kidato cha nne aanzie wapi?

Mpwa wangu alipata Daraja la Pili katika mtihani wa kidato cha nne, akiwa na B ya Fizikia na C ya Hisabati, na tangu matokeo yalipotoka nyumba ya dada yangu imekuwa na mjadala mmoja tu. Baba yake anataka aende kidato cha tano, achukue tahasusi ya PCM, yaani mchanganyiko wa Fizikia, Kemia na Hisabati, kisha chuo kikuu. Mama yake, ambaye anauza chakula na ndiye anayebeba sehemu kubwa ya gharama za nyumba ile, anataka mtoto aanze kujitegemea mapema. Kijana mwenyewe anapenda umeme, na amesema yuko tayari kuingia chuo cha ufundi hata kesho. Waliniita mimi, mjomba wake, kwa kuwa ndiye niliyetangulia kufika chuo kikuu katika ukoo wetu, wakitumaini kwamba neno langu litamaliza ubishi. Niliomba siku kadhaa za kuulizia na kupiga hesabu, na niliyoyapata nayaandika hapa kwa ajili ya nyumba nyingine zenye fomu kama ile mezani.

Kijana wa Tanzania mwenye cheti cha kidato cha nne ana njia tatu rasmi mbele yake. Ya kwanza ni kidato cha tano na cha sita, miaka miwili, kisha shahada ya miaka mitatu kwa fani nyingi, minne kwa uhandisi na mitano kwa udaktari wa binadamu. Ya pili ni stashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kama vile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT, au Chuo cha Ufundi Arusha, ambako mwanafunzi husoma miaka mitatu akipanda kutoka ngazi ya 4 hadi ya 6. Ya tatu ni ufundi stadi katika vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, na vingine vilivyosajiliwa, ambako kozi ndefu zina ngazi tatu na kozi fupi huchukua wiki au miezi michache. Pembeni ya hizo ipo njia ya nne isiyo na fomu wala udahili, nayo ni kukaa chini ya fundi gereji au kwenye jengo hadi mkono uzoee. Hiyo ndiyo imewalea mafundi wengi tunaowategemea mitaani, na nitairudia.

Kipimo ambacho familia hukisahau

Watu wanapolinganisha njia hizi hutazama mwisho wake. Humwona mhandisi mwenye gari la ofisi upande mmoja, na fundi mwenye vumbi la saruji nyweleni upande wa pili, kisha huamua. Kwa nyumba yenye akiba, pengine kipimo hicho kinatosha. Kwa nyumba kama ya dada yangu hakitoshi hata kidogo, kwa sababu huko swali la kwanza ni kama safari itafika mwisho. Ada hukatika baba anapougua, bei ya korosho inaposhuka, biashara inapoungua au mdogo wake anapofaulu naye akahitaji sare na nauli. Kwa hiyo nilipendekeza tuanze na swali lingine: njia ikikatika katikati, kijana atabaki na nini mkononi?

Tukianza na kidato cha tano na cha sita, jibu linatisha. Ni kweli kwamba ada ya ngazi hiyo katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, na nafuu hiyo ni kubwa. Lakini miaka ile miwili haimfundishi mtu kazi yoyote. Inamwandaa kwa mlango mmoja tu, wa chuo. Ili aingie shahada kwa njia hiyo anahitaji angalau ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, na fani kama uhandisi zina masharti yake juu ya hayo. Akiukosa mlango huo, kwa kazi nyingi anarudi kuwa mtu mwenye cheti cha kidato cha nne aliyeongezeka umri wa miaka miwili. Nimewaona vijana wa namna hiyo, wenye akili nzuri kabisa, wakiingia stashahada wakiwa na miaka 21 kwa ufaulu uleule wa kidato cha nne waliokuwa nao tangu awali.

Chuo kikuu nacho hakina vituo vya kushukia. Mwanafunzi anayeacha mwaka wa pili kwa kukosa ada kwa kawaida huondoka na orodha ya alama za masomo aliyofanya, ambayo waajiri wengi hawana la kuifanyia.

Stashahada imejengwa kwa namna nyingine. Kila ngazi inayokamilika ina tuzo yake inayotambuliwa: ngazi ya 4 na ya 5 ni za astashahada, ya 6 ni stashahada yenyewe. Anayesimama baada ya mwaka wa pili anasimama akiwa na karatasi yenye maana, na anaweza kurudi baadaye kuendelea na ngazi inayofuata. VETA ni hivyohivyo: ngazi ya kwanza ya umeme wa majumbani ni cheti, ya pili ni cheti, ya tatu ni cheti. Kwa familia ambayo mapato yake hayatabiriki, ngazi hizi zina thamani sawa na akiba ya benki, na sielewi kwa nini wazazi wengi hawaambiwi jambo hili waziwazi siku mtoto anapojaza fomu.

Gharama na mkopo

Ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA kwa miaka mingi imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa wanaosoma kutwa na Sh 120,000 kwa wanaolala bwenini, ukiongeza sare, vifaa na michango midogo. Chuo kikuu cha umma kwa kozi nyingi hutoza kati ya Sh milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na hiyo ni ada tu, kabla ya chakula na pango. Tofauti hiyo inaonekana kubwa mno hadi pale Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inapoingia. Bodi hiyo ilianza kazi mwaka 2005 na imewafikisha chuoni maelfu ya watoto wa wakulima ambao wasingefika kamwe, mimi nikiwa mmoja wao. Fedha ya chakula na malazi, ile wanachuo wanayoiita bumu, ilipandishwa hadi Sh 10,000 kwa siku, na wapo wanaoidunduliza ili watume kidogo nyumbani.

Hata hivyo mkopo ni deni, na deni hili hukatwa kabla mshahara haujafika mfukoni. Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Mtu wa mshahara wa Sh 800,000 anaachia Sh 120,000 kila mwezi kabla hajagusa kodi, michango ya pensheni na pango la nyumba. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa, na mzigo ukapungua sana, ila asilimia 15 ilibaki palepale. Simshauri mtu auogope mkopo. Ninachotaka ni kwamba familia iuhesabu kama sehemu ya bei ya shahada, kwa sababu nyumbani kwetu niliukuta ukihesabiwa kama zawadi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele nao wanakopeshwa, hivyo ile hoja ya zamani kwamba mkopo unapatikana kwa shahada pekee haina nguvu tena.

Mahali ambapo shahada haina mbadala

Ningekuwa namdanganya mpwa wangu kama ningemwambia kwamba cheti chochote kinatosha mradi mtu ana bidii. Zipo kazi ambazo shahada ndiyo mlango wenyewe. Daktari lazima asome miaka mitano na kufanya utarajali wa mwaka mmoja. Wakili lazima awe na shahada ya sheria, kisha apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Anayetaka kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa daraja la mhandisi kamili lazima awe na shahada ya uhandisi. Mtoto anayezitaka kazi hizi kwa moyo wake na ana alama zake aende kidato cha tano bila kusitasita, na familia ijifunge mkanda.

Utumishi wa umma nao umejengwa juu ya ngazi za elimu kwa namna ambayo bidii pekee haiwezi kuivuka. Mwalimu mwenye shahada huanza na ngazi ya mshahara ya TGTS D, mwenye stashahada TGTS C, mwenye cheti TGTS B, hata kama wote watatu wameajiriwa mwezi mmoja na mwenye cheti ndiye anayefundisha vizuri kuliko wenzake. Kada nyingine nyingi zina mpangilio kama huo. Zaidi ya mshahara wa kuanzia kuna kikomo: mtumishi wa stashahada hupanda vyeo hadi mahali muundo wa kada yake unapoishia, na ili aendelee kupanda analazimika kurudi darasani akiwa na umri wa miaka 35 au 40, mara nyingi na watoto shuleni. Hapa shemeji yangu ana hoja nzito, na nilimwambia hivyo mbele ya mkewe. Anayepanga kuishi maisha yake yote ndani ya ajira ya serikali atalipwa kwa karatasi aliyonayo.

Tatizo ni kuingia humo. Mdogo wangu mmoja alihitimu shahada ya ualimu wa masomo ya sanaa na akakaa miaka mitano akituma maombi. Ninaikumbuka bahasha yake ya kaki iliyolainika kwenye pembe kwa kushikwa: ndani mlikuwa na nakala za vyeti zilizogongwa mhuri wa wakili, cheti cha kuzaliwa, na picha mbili ndogo zilizopigwa wakati bado ana nywele ndefu za chuoni. Kila alipoitwa kwenye usaili alikopa nauli. Alifika akakuta umati uliojaa uwanja, akafanya mtihani wa mchujo na kurudi nyumbani kusubiri orodha itoke. Walimu wa sayansi na hisabati waliitwa mapema kuliko yeye, na hilo linafaa kuzingatiwa, kwa sababu neno shahada linafunika vitu visivyofanana. Shahada ya uuguzi na shahada ya historia zina urefu wa joho unaolingana, lakini hazina foleni inayolingana nje ya chuo.

Fundi bila mhuri

Upande wa ufundi pia una ukweli wake mchungu, na wanaousifu sana mara nyingi hawajaukaribia. Nilikwenda na mpwa wangu kumtazama fundi umeme anayemfahamu, kijana wa miaka 27 aliyejifunza kwa kubeba mfuko wa vifaa vya fundi mwingine. Tulimkuta kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo bado haijapigwa plasta. Alikuwa ametindua ukuta mistari iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, amelaza mabomba, amevuta nyaya za rangi tatu, na kila boksi la swichi lilikuwa limewekwa kwa kimo kimoja kutoka sakafuni. Alipima kwa testa, akaeleza kwa nini jiko linahitaji laini yake peke yake na saketi breka yake, na mpwa wangu alimsikiliza kwa utulivu ambao sijauona akiwa na kitabu.

Kisha nikamuuliza nani atasaini fomu ya kuombea umeme TANESCO. Alinyamaza kidogo, akasema kuna mkandarasi mwenye leseni atakayepiga mhuri. Mtu huyo hatofika kwenye nyumba ile. Atapokea mchoro, atagonga mhuri, na atachukua fedha ambayo fundi wetu aliitaja kwa sauti ya chini mbele ya mwenye nyumba. Kazi yote ilifanywa na mmoja na haki ya kuitambulisha kwa sheria iko kwa mwingine, kwa sababu leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa madaraja yanayotegemea elimu na uzoefu unaothibitika. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba katika ufundi nako karatasi ina nguvu, ila ni karatasi fupi zaidi, na inayopatikana kwa bei ambayo familia ya kawaida inaweza kuimudu. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunza nje ya darasa, ambapo mtu hupimwa kwa anachokijua na kupewa cheti. Fundi yule hakuwa ameusikia. Tulimwandikia mahali pa kuulizia.

Kuna mengine ambayo mhitimu wa ufundi lazima ayapange tangu mwanzo. Anamaliza chuo akiwa na cheti lakini hana vifaa, na mchomeleaji asiye na mashine yake ni kibarua wa mwenye mashine. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya vijana, inaweza kumsaidia akijiunga na wenzake katika kikundi, ingawa inahitaji uvumilivu wa kufuatilia ofisini. Kipato chake hupanda na kushuka kwa msimu wa ujenzi. Mwili wake unachoka mapema kuliko wa karani, na hakuna mwajiri anayemchangia pensheni, hivyo asipojiandikisha mwenyewe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mchangiaji wa hiari atafika uzeeni akiwa na mikono tu, tena iliyoanza kutetemeka.

Mifano ya matajiri

Katika kikao chetu jina la Said Salim Bakhresa lilitajwa kabla chai haijapoa. Ni kweli kwamba aliacha shule akiwa mdogo na akajenga moja ya kampuni kubwa za chakula Afrika Mashariki. Shemeji akajibu kwa Mohammed Dewji, aliyesoma Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, na mwingine akamtaja marehemu Reginald Mengi, aliyesomea uhasibu Uingereza kabla ya kuanzisha viwanda na vyombo vya habari. Kila mmoja alipata mfano wake, na hakuna aliyesogea hata hatua moja. Niliomba tuwaweke kando watu hawa wote watatu. Kinachotuhusu ni kile kinachowapata watu 100 wanaopita njia fulani, na bilionea mmoja hawezi kutuambia habari za wale 99. Hata viwanda vya mtu aliyeacha shule vinahitaji wahandisi, wahasibu na wataalamu wa maabara waliosoma, sambamba na mafundi wa mitambo wanaoitwa usiku wa manane mashine inaposimama.

Uamuzi kwa watoto wa namna tofauti

Jambo lililonisaidia zaidi ni kugundua kwamba milango kati ya njia hizi haifanani kwa upana. Mwenye stashahada aliyepata wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada katika fani yake, hata akiwa tayari kazini. Mwenye ngazi ya tatu ya VETA anaweza kuomba kuingia njia ya stashahada iwapo ana ufaulu wa kidato cha nne unaotakiwa. Anayefanya kazi na asiyeweza kuacha familia ana Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992. Kupanda kutoka ufundi kwenda shahada kunawezekana na watu wanakufanya. Kushuka kutoka shahada kwenda ufundi kunawezekana kwenye karatasi tu, kwa sababu jirani atauliza kwa nini msomi anashika bisibisi, na aibu hiyo huwaweka wahitimu wengi ndani ya nyumba kwa miaka. Natamani aibu hiyo iondoke, lakini siwezi kumpangia mpwa wangu maisha kana kwamba imeshaondoka.

Kwa hiyo, kwa mtoto mwenye alama za juu za sayansi na hamu ya kweli ya udaktari, famasia au uhandisi wa usanifu, ningechagua kidato cha tano. Kwa mwenye ufaulu wa kati, anayejua anachokipenda, na nyumba yake haina uhakika wa miaka mitano au sita ijayo, ningeanza na stashahada. Kwa aliyepata Daraja la Nne au aliyeishia njiani, VETA inapokea hata waliomaliza darasa la saba kwa baadhi ya fani, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vimewafungulia mlango wasichana wengi waliokatishwa masomo. Ninapendekeza kwa msisitizo kwamba wasichana wasisukumwe kwenye cherehani na mapishi bila kuulizwa. Umeme, bomba na magari havina jinsia, na wateja wanawake wenyewe hufurahi kumfungulia mlango fundi mwanamke.

Na kwa watoto walioko shule ya msingi sasa, swali hili litakuja mapema zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imegawa sekondari kuwa mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, hivyo mzazi atalazimika kufikiri mtoto akiwa anaingia kidato cha kwanza.

Kwetu sisi, tulijaza fomu ya machaguo jioni ya Jumapili. Chaguo la kwanza tuliandika stashahada ya uhandisi umeme, na PCM ikafuata. Shemeji alikubali kwa sharti moja, kwamba kijana asishuke chini ya wastani wa 3.0 ili mlango wa shahada ubaki wazi, na sharti hilo liliandikwa kwenye daftari la mama la mahesabu ya biashara, chini ya bei ya mchele. Majina ya waliochaguliwa bado hayajatoka. Asubuhi iliyofuata mpwa wangu aliamka saa kumi na moja, akamwamkia mama yake aliyekuwa akiwasha mkaa, akachukua testa niliyomnunulia na kwenda kwa yule fundi, kwenye nyumba ya vyumba vitatu, ambako plasta ilikuwa imekauka na soketi zilikuwa zinasubiri kufungwa.